Mama Salma, Haidra Wako Wamekufa

Mke wangu Mama Salma,

Nianze na baya, maana hukupenda habari za kuzungushwa. Haidra wako wamekufa. Wote. Nimekaa na habari hii siku kadhaa nikijiambia nitakuambia kesho, kana kwamba ikichelewa itapungua ubaya.

Niko Kisanga, kwa dada yangu Mwanaidi, nimekaa ukumbini kwenye mkeka. Kalamu nimeazima kwa mjukuu wake, na imeanza kukataa hata sijafika popote. Dada mwenyewe yuko uani anapepeta mpunga. Nitakueleza nimefikaje hapa, lakini kwanza niache nilalamike. Tangu uondoke sina wa kumlalamikia. Pale kibarazani, fundi mwenzangu akiona tu nafungua mdomo anakanyaga cherehani kwa nguvu asinisikie. Salma nikimpigia ananiambia yuko kazini. Wewe ulikuwa unanisikiliza huku unasahihisha madaftari, na ukichoka unasema, "Haya Baba Salma, umemaliza au bado una shehena nyingine?" Ningetoa chochote nilichonacho nisikie hilo neno.

Nyumba inanipwaya. Ingekuwa shati ningeibana ubavuni, ningepunguza na mikono, ikanikaa. Nyumba haipunguzwi. Naingia jioni, naweka funguo mezani, na mlio wa zile funguo ndiyo maongezi yote ya siku hiyo. Chai napika ya mtu mmoja na bado inabaki. Upande wako wa kitanda nimepanga vitambaa vya wateja. Siyo dharau, ni kwamba siwezi kuuona umelala tambarare vile.

Basi kilichobaki hai mle ndani, ukiniondoa mimi na mijusi, ni haidra wako. Unakumbuka nilivyowacheka siku ya kwanza? Ulikuwa umechoka na mtaala. Ulisema kitabu cha baiolojia kimejaa konyeza, wale wa utelezi wanaoelea, matumbawe na wale wanyama wa baharini wanaofanana na maua, na darasani kwako hapa Kilosa hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona bahari, wanakariri tu ili wafaulu. Ukaja na wazo kwamba ndugu yao mmoja anaishi kwenye maji baridi, na tukienda kijiji cha Ulaya, kwenye lile bwawa la kando ya mashamba ya mpunga, tutampata. Ukanishonesha wavu wa shifoni. Tukaenda kwa baiskeli, mimi nanung'unika njia nzima. Ukavua viatu, ukaingia majini na heshima yako yote ya ualimu, ukawa unageuza majani ya yungiyungi na kuchungulia chini yake. Ulipopiga kelele nilidhani umeumwa na nyoka.

Nilichoonyeshwa kilikuwa kipande cha uzi. Kweli kabisa, uzi mfupi umening'inia kwenye jani, ncha moja imefumuka. Nikasema vya namna hii kwangu nafagia kila jioni. Ukanipa kioo cha kukuzia, ukaniambia nitulie niache ujuaji. Ndipo uzi ukajikunyata ukawa kitone, halafu ukarefuka tena polepole, na zile nyuzi za nchani zikaanza kupapasa maji. Akapita kiroboto maji, yule mdudu mdogo anayerukaruka kwenye pipa la mvua, akagusa unyuzi mmoja tu, akakauka hapo hapo. Ukaniambia ile ni minyiri, na ndani yake kuna vishale vidogo vilivyokunjwa, vina sumu, na vinafyatuka vikiguswa. Konyeza anavyo, matumbawe yanavyo, ukoo mzima unaishi kwa kuchoma.

Hilo la kuchoma nilikuwa nalijua. Ule mwaka wa ndoa yetu, tulipokwenda Dar, ulikanyaga konyeza ufukweni mguu ukatoka michirizi myekundu. Mimi nikachota mchanga nikausugua, ndivyo nilivyokuwa nimeona watu wakifanya, na wewe ukanipiga kofi mkononi. Kusugua, ulisema, ni kuvifyatua vile vishale ambavyo vilikuwa havijafyatuka. Machozi yanakutoka na bado unafundisha! Na yule konyeza alikuwa amekufa, amelala pale kama mfuko wa nailoni. Nikakuuliza maiti anachomaje. Ukasema vile vishale havimngoji mwenyewe, havina habari kama yupo au hayupo. Wakati ule niliona ni maneno ya kitabuni. Siku hizi nafungua kabati natafuta shuka, nakutana na khanga yako ile ya kijani, nachomwa nikiwa nimesimama.

Ukawaleta nyumbani, ukawaweka kwenye jagi la kioo dirishani jikoni, na kajani kao ka kushikia. Nikawa naishi na wanyama wasio na ubongo, wasio na moyo, wasio na mfupa. Mdomo wa kulia ndio huo huo wa kutolea makombo. Ngozi mbili tu na utelezi katikati. Akishiba anaota mtoto ubavuni, mtoto anatoa minyiri yake, anajing'oa, anakwenda kujitegemea bila kuaga. Ukimkata vipande viwili unapata wawili. Na kuna jioni uliniambia jambo ambalo sijalisahau. "Huyu hauawi na uzee, Baba Salma. Anauawa na njaa au maji mabaya." Mwili wake unajitengeneza upya kila wakati, ukasema, ukimtunza vizuri huoni akichakaa. Nikakuuliza, na sisi je? Ukacheka, ukaniambia nikapige pasi sare za watoto wa watu.

Ulipolazwa mara ya mwisho nilingoja uniachie maneno mazito, kama wanavyosimulia watu. Ulichoniambia ni, "Usiwaache wafe." Nilidhani unaweweseka. Nilikwenda mpaka nje ya wodi ndipo nikaelewa unasema nini.

Basi nikawalea. Aisee, niliwalea. Maji ya mvua peke yake, ya bomba hapana, kwa sababu ulinionya kwamba ile dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba ndiyo kifo chao. Viroboto maji nikawachuja kwenye pipa kwa kipande cha shifoni. Kila asubuhi kabla sijakwenda kufungua kazi, nilikuwa nainama pale dirishani na kioo chako nawapa habari za mji: nani kaoa, nani kaniletea suruali isiyoshoneka halafu anataka ya Ijumaa. Walikuwa wanaongezeka. Uliwaacha wachache, wakawa wameujaza ukingo mzima wa jagi. Nilijisifu kimoyomoyo. Nilijiambia, angalau hili moja silifanyi vibaya.

Dada Mwanaidi alikuja kwa hitima yako ya arobaini, akaniona nilivyokonda, akakataa kurudi Kisanga. Unamjua wifi yako, haombi ruhusa. Akapika, akafua, akahamisha masufuria yote mahali ambapo siyapati. Akawa ananisema kwa kuvaa shati moja siku mbili. Nilinuna kama ilivyo kawaida yangu, lakini nitakuambia ukweli: nikaanza kurudi nyumbani mapema. Nikifika kona ya msikiti nasikia harufu ya vitunguu, mwendo unaongezeka wenyewe.

Halafu mvua zikaja zikazidi, mto ukatoka kwenye njia yake, visima vya chini vikaingiwa na maji machafu. Bwana Afya akapita mitaani na spika juu ya gari, anasisitiza kwamba kila maji yaliyomo ndani ya nyumba yatiwe dawa, watu wasije wakaharisha. Dada ni mtu wa kusikia. Akatia kwenye ndoo, kwenye mtungi, kwenye dumu, kwenye birika la kutawadhia. Na kwenye jagi la dirishani.

Asubuhi niliinama nikaona maji matupu yanayonukia hospitali. Nikadhani macho. Nikafuta kioo kwa shati nikaangalia tena. Wote walikuwa wameachia, wamesinyaa, chini ya jagi kuna utando mwembamba kama ukungu, na kajani kamebaki kanaelea peke yake. Nikalitikisa jagi. Sijui nilitegemea nini.

Kichwa kilinipanda. Nilimwendea dada uani na jagi mkononi, nikasema maneno ambayo mengine sitayaandika. Nilimwambia mke wangu ameniachia kitu kimoja tu chenye uhai na yeye amekiua. Nilimwambia mimi sikumwita. Dada yangu mkubwa huyo, aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani, na mimi na ndevu zangu za mvi namkoromea mpaka jirani akafunga dirisha. Alifuta mikono, akakunja khanga zake, akasema, "Basi, mdogo wangu." Akaenda stendi. Sikumsindikiza hata hadi mlangoni.

Najua ungesema nini, na ninakuomba usiseme. Ungeleta habari ya matumbawe. Ile uliyokuwa unawafundisha wanafunzi kila mwaka na kunirudia mimi wakati wa chakula: kwamba tumbawe si jiwe, ni wanyama wadogo wengi walioshikamana, na ndani ya miili yao wanaishi wapangaji, vijimea vidogo sana vinavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuwalisha. Bahari ikipata joto kupita kiasi, matumbawe yanawatimua wapangaji wale wale wanaoyalisha. Yanabaki meupe, yanapendeza kwa mbali, na yana njaa. Nilikuuliza ni akili gani hiyo ya kumfukuza anayekupikia. Ukasema si akili, ni joto. Ukasema maji yakipoa upesi wapangaji wanaweza kurudi, yakichelewa ndiyo basi. Nilikuwa jikoni natafuna mkate mkavu, sina hamu kabisa na somo lako, na lilikuja lote, neno kwa neno, na sauti yako.

Lakini mimi ni mimi. Badala ya kwenda kwa dada nilikwenda Ulaya. Nilijiambia nikipata haidra wengine pale pale ulipowapata wale, jambo litakuwa limekwisha, hakuna haja ya kumwomba mtu radhi. Nikabeba jagi na wavu. Bwawa letu, Mama Salma, usingelijua. Yungiyungi zimebaki chache upande wa ndani, kandokando pote ni kwato na tope, ng'ombe wanakunywa mpaka katikati. Nikakunja suruali nikaingia. Nilikuwa nageuza jani moja moja nikiangalia kwa kioo, mfugaji mmoja, mtu wa makamo yangu, akanitazama weee, mwishowe akaniuliza nimepoteza nini.

"Mdudu," nikamwambia.

"Mdudu wa nani?"

"Wa mke wangu."

Hakucheka. Alinipa pole kama mtu aliyefiwa anavyopewa, akawapigia mluzi ng'ombe wake wakasogea ng'ambo, akanishikia jagi muda wote niliokuwa majini. Sikupata kitu. Majani yalikuwa na konokono na ukoko wa tope. Alinivuta mkono kunitoa, miguu imekufa ganzi, na nilipokuwa nakamua suruali nilianza kulia mbele ya mtu nisiyemjua na ng'ombe wake. Nililia kwa sababu sikuwa na mahali pa kurudi kusema nimekosa.

Kutoka pale nikaunga moja kwa moja hadi Mikumi, kwa mwanao. Sikutaka kurudi kwenye ile nyumba. Salma alikuwa mapokezi pale hotelini kwao, amevaa ile sketi niliyomshonea, anawaelekeza wageni njia ya kwenda mbugani. Aliponiona na jagi na tope hadi magotini alimwachia mwenzake meza. Akaniketisha jikoni, akaniwekea wali na maharage, akasubiri nimalize. Nilitegemea atanihurumia. Ana sura yako akikasirika, umeniachia adhabu. Akaniambia shangazi yake anampigia kila siku kuuliza baba amekula nini, na yeye inabidi adanganye kwamba nimekula vizuri. Halafu akasema, "Baba, mama hayumo kwenye hilo jagi." Nikamjibu najua. Lakini sikuwa najua, Mama Salma. Nilikuwa sijawahi kujiambia.

Ndipo nikaja Kisanga. Dada alikuwa uani na ungo, kama alivyo sasa. Nikasimama hatua chache, nikasema shikamoo. Hakuitikia. Unajua kwetu ilivyo, mkubwa akiinyamazia shikamoo yako huna pa kukaa wala pa kwendea. Nikaisema tena, akaendelea kupepeta, makapi yananijia usoni. Nikaweka jagi chini, nikachuchumaa, nikasema, "Shikamoo, dada. Nimekukosea." Ungo ukasimama. Akaokota punje zilizomwagika, moja moja, hadi nikaona hapa narudi Kilosa na shikamoo yangu. Mwisho akasema marahaba, kidogo sana, bila kuniangalia.

Kisha akaniambia.

"Mimi nilidhani yale ni maji ya dua. Nilijua wifi alisomewa alipokuwa anaumwa, akayabakiza, ndiyo maana yana jani. Kila asubuhi nakuona umeinama pale midomo inakucheza, nikajua unasoma. Mafuriko yalipokuja nikaogopa yataoza, na wewe umebakiwa na hayo tu. Nikatia dawa kidogo, yadumu. Nikanywa na funda moja, nikamwombea."

Nilibaki nimechuchumaa. Mama Salma, wifi yako ameomba dua akanywa haidra wako.

Nikamweleza. Mara ya kwanza namweleza mtu. Nilimchorea kwenye vumbi la mpunga kwa kijiti, kiwiliwili hiki, minyiri hii, mtoto anaota hapa. Nikamweleza habari ya vishale. Akashika tumbo, akaniuliza kwa wasiwasi kabisa kama wanachoma wakiwa ndani. Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu tulipokuzika, kikanitoka kicheko kibaya, cha kukwaruza, yeye akanitazama akaanza na yeye, tukacheka mpaka mjukuu akatoka nje kuangalia kuna nini, na tulipoishia hatukuwa tunacheka tena. Dada alijifuta kwa khanga akasema alikupenda sana, ila hukumpa nafasi ya kukuuguza, na mimi nikamnyima hata nafasi ya kukulilia. Ni kweli. Nilijifanya msiba huu una mwenyewe mmoja.

Keshokutwa, mpunga ukishaingia ghalani, tunarudi Kilosa, mimi na yeye. Anasema huku Kisanga kuna dimbwi karibu na shamba lake ambalo ng'ombe hawalifikii, lina yungiyungi tele, na kesho asubuhi ananipeleka. Wakipatikana, kioo atashika yeye kwanza. Hawatakuwa wale. Hawa hujawahi kuwagusa, hawakujui, watakuwa wageni tu waliotoka bwawani, na najua nitawaangalia kwa uchungu muda mrefu kabla sijawapenda. Wasipopatikana, jagi litawekwa maji ya kunywa, na nitajitahidi kulizoea hivyo.

Nyumba bado itanipwaya. Dada hatakaa milele, ana shamba lake na wajukuu wake. Kuna asubuhi nitainama pale dirishani nikiwa peke yangu tena, na naiogopa hiyo asubuhi tangu sasa. Sijui kuishi bila wewe, nasema tu ilivyo.

Ananiita nikashike upande wa gunia. Pumzika, mke wangu, Mola akupe nafasi na mwanga huko uliko. Na nakuahidi: sitakuandikia tena kumlalamikia mtu aliyekupenda.

Mumeo,
Baba Salma